Sauti ya Namba Arobaini na Moja

Umeme ulikatika saa mbili asubuhi, kama ulivyokuwa ukikatika kila Jumanne na Alhamisi mwaka ule wa mgao, na ilipofika saa saba mchana kisanduku kilikuwa bado cha moto. Asheri alikigusa kwa kiganja, akautoa mkono, akakigusa tena. Kilikuwa na joto la sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Waya wake ulikuwa umechomolewa na kuviringishwa juu ya transfoma, na aliyeuviringisha ni yeye mwenyewe, jana yake jioni. Kwenye vitundu vya juu, palipozoea kutoka harufu ya vumbi linaloungua, palikuwa pakitoka harufu ya udi.

Alijiambia kwamba ni joto la Tanga tu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu, na mwezi wa pili, chini ya bati la mtaani Makorora, sababu hiyo ilikuwa karibu sana. Akakifunika kisanduku kwa kanga ya mkewe na kwenda kula.

Asheri alikuwa fundi redio mchana, na mwisho wa wiki mpiga gita la solo wa Duga Jazz. Baba yake aliteremka kutoka milimani kuja kukata mkonge, akazeekea kambini, akawaachia wanawe Ulutheri na ubishi. Mkewe, Semeni, Mbondei, alikuwa mwimbaji wa bendi hiyo hiyo. Ndoa waliifunga bomani, maana mchungaji na shehe kila mmoja alitaka yule wa upande wa pili abadili kwanza, na wao wawili hawakuwa na muda wa kungoja wazee wamalizane. Walikuwa na mtoto mmoja wa miaka mitano, Bertha, aliyepewa jina la bibi yake.

Na niseme wazi mapema: Duga Jazz ilikuwa ikiishi kwa koo la Semeni. Magita yao yalikuwa yamechoka, spika zimeshonwa kwa uzi wa viatu, ngoma zinashikiliwa na waya. Lakini Semeni akifungua mdomo, waliokuwa wamesimama nje wakisikiliza bure walijikuta wamekata tiketi. Asheri alimpenda kwa mambo mengi, ila alianza kumpenda kwa sauti ile, na hakuwahi kuificha habari hiyo kwa mtu yeyote.

Kisanduku kilitoka dukani kwa Shamir, barabara ya nane. Babu yake Shamir, mzee Velji, aliuza vitambaa mpaka miaka ile mibaya vitambaa vilipoisha, akabaki anauza viberiti na subira. Sasa ilikuwa enzi ya ruksa, na Shamir alikuwa akifungua makontena ya vitu vilivyotumika Ulaya bila kujua nusu yake ni nini. Kisanduku hiki alikidhani mashine ya video. Asheri alimtengenezea redio sita, akakichukua kiwe malipo yake, akatoka dukani haraka kabla Shamir hajabadili mawazo.

Alijua alichokishika. Gita huingia kwanza katika kisanduku kama hicho kabla ya kwenda kwenye amplifaya, na humo ndimo linamopewa tabia. Ndani mlikuwa na valvu mbili, zile taa ndogo za kioo za redio za zamani, ambazo zikipata moto huifanya sauti iwe nene na yenye utu uzima. Ila hiki kilikuwa na kumbukumbu pia. Ukishapanga besi, sauti ya kati, trebo na ukali, unabonyeza kitufe, na sauti inahifadhiwa katika namba, kuanzia moja hadi mia na ishirini na nane. Kesho ukiibonyeza namba hiyo, sauti inarudi ile ile. Betri ndogo ndani huilinda hata umeme ukikosekana mwaka mzima, na kwa Tanga ya wakati ule hilo halikuwa jambo dogo.

Wiki ya kwanza alifanya kosa la kila mwenye kitu kipya, akapandisha kila kitu mpaka mwisho. Chumbani sauti ilitisha. Mazoezini, ngoma na besi zilipoingia, solo lilimezwa lote, ukabaki mvumo. Ndipo akaanza kujifunza taratibu. Alijifunza kuziacha valvu zipate moto robo saa kabla ya kuzihukumu. Alijifunza kupunguza besi kabla haijazifikia valvu, na kuushusha ukali hata pale moyo unapotaka kuupandisha. Sauti ya kati aliipandisha, ingawa ukiisikia peke yake inakera, kwa sababu ndiyo inayopenya bendi nzima na kumfikia mtu aliyekaa mlangoni. Kila kitu alikiandika nyuma ya daftari la Bertha. Akapata sauti tatu nne za kuridhisha, lakini aliyokuwa akiitafuta hakuipata, kwa sababu alikuwa bado hajaisikia.

Aliisikia kijijini Tongoni. Shangazi yake Semeni alikuwa akipungwa pepo, na Asheri alimsindikiza mkewe, akakaa nje ukutani na uso wa Kilutheri. Kisha zumari likalia. Lilikuwa na sauti nyembamba yenye kilio ndani yake, na kikohozi kidogo mwanzoni mwa kila noti, na Asheri akasimama bila kujua kwamba amesimama. Mpiga zumari aliurudia wimbo ule ule mara nyingi, na kila alipoukaribia mwisho aliliteremsha zumari na kunyamaza. Hapo Sadalla, fundi wa pepo, alimwinamia mgonjwa na kumnong'oneza swali, akangoja, kisha wimbo ukaanza upya. Ilimkera Asheri. Mwanamuziki hawezi kuvumilia wimbo uachwe unaning'inia namna ile. Mtu yeyote wa pale angemweleza sababu, lakini hakuuliza, kwa kuwa alishaamua mwenyewe kwamba mpiga zumari amesahau.

Aliporudi alijifungia chumbani na kisanduku kwa siku nne. Mchana wa siku ya nne, jua likiwa utosini, akaipata. Valvu ya kwanza alikuwa ameishusha, ya pili ameipandisha kidogo, sauti ya kati imefika saba, trebo imekatwa. Gita lililia kama zumari, ila lilikuwa na uzito ambao zumari halina. Ili aijaribu akaupiga wimbo wa Tongoni. Uani Semeni alikuwa akichambua mchele, akaufuatisha kwa kuimba puani, kama alivyofuatisha kila kitu. Asheri akafika pale mpiga zumari alipokuwa akinyamaza. Noti zilizobaki zilikuwa tatu, mwenye masikio yoyote angezijua. Akazipiga.

Uani Semeni akapaliwa, akakohoa kwa muda mrefu. Asheri akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Namba iliyokuwa wazi ilikuwa arobaini na moja.

Mwezi uliofuata Duga Jazz ilivuma kuliko ilivyowahi kuvuma. Namba arobaini na moja ikiingia, watu waliacha kucheza, wakasimama ukumbini na chupa zao mikononi, wanawake wazima wakifuta machozi bila kujua wanamlilia nani. Idarusi, kiongozi wa bendi, aliandika barua Dar es Salaam, na jibu likaja upesi kwamba studio itawapokea wakarekodi nyimbo nne. Wakati huo huo sauti ya Semeni ilianza kukwaruza. Alikunywa tangawizi na asali, akaenda hospitali, daktari akamulika kooni kwa tochi na kusema haoni kitu. Nyimbo za juu aliziacha. Kisha akaziacha za kati. Ikafika siku akawa anaongea kwa kunong'ona tu, na jukwaani akisimama kando akitikisa kayamba.

Na kisanduku kilizidi kuwa kitamu. Asheri hakuwa amekigusa. Kila kitu kilikuwa vile vile kilivyoandikwa daftarini, lakini kila wiki sauti ilikuwa na kitu kilichoongezeka, ujoto fulani, mtetemo mdogo mwishoni mwa noti ndefu. Alifurahi. Alijua mtetemo ule wapi aliusikia, na alifurahi hivyo hivyo, akijiambia kwamba valvu mpya huchukua muda kuiva.

Sasa turudi mchana ule wa kisanduku cha moto.

Walikula kimya. Semeni hakuwa mwongeaji tena, na Bertha alikuwa na sikio lake mahali pengine. Alikuwa ameacha kutafuna. Akaangalia mlango wa chumba, akamwangalia mama yake aliyekaa mbele yake na tonge mkononi, akaangalia tena mlango.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo, "mama anaimba chumbani."

Asheri alitaka kumwambia asiseme upuuzi, lakini na yeye alikuwa anausikia, wimbo ule wa kumlaza Bertha ambao Semeni hakuwa ameuimba tangu koo lilipomwisha, ukija taratibu kutoka nyuma ya pazia, kila neno mahali pake, kila pumzi mahali pake, katika nyumba isiyokuwa na umeme, kutoka kwenye spika ambayo waya wake aliuona kwa macho yake umelala sakafuni, na aliposimama kwenda kulivuta pazia harufu ya udi ilimjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na chini ya kanga, kupitia kwenye maua ya kitambaa, aliona namba nyekundu zikiwaka, nne na moja, zikififia na kukolea, zikififia na kukolea, kwa mwendo wa mtu anayevuta pumzi usingizini, na alipogeuka kumtafuta mkewe alimkuta amesimama nyuma yake kabisa, mkono umelishika koo, na midomo yake ilikuwa ikienda sawa sawa na wimbo, neno kwa neno, bila ya kutoa sauti yoyote.

Wimbo ulipoisha, namba zikazimika. Semeni akakaa chini pale pale mlangoni. Alikiangalia kisanduku, akamwangalia mumewe, na Asheri aliona kwamba ameelewa kabla yake.

"Ni mimi," alinong'ona. "Baba Bertha, ile ni ya kwangu."

Asheri alipanda baiskeli, akaenda Tongoni jua hilo hilo.

Sadalla alikuwa barazani kwake akishona suruali. Alikuwa fundi cherehani, na kazi ya pepo alirithishwa na mama yake kama wengine wanavyorithishwa shamba la minazi, wakalilima kwa kuwa ni lao. Hakuwa mzee, na hakuwa mpole. Asheri alimsalimu, akamweleza yote, na Sadalla aliendelea kukanyaga cherehani, akipinda pindo, mpaka habari ilipofika kwenye wimbo.

"Uliumaliza?"

"Niliumalizia, fundi."

"Noti ngapi?"

"Tatu."

Cherehani ikasimama. Sadalla akautoa uzi, akaikunja suruali vizuri, akaiweka kando.

"Bwana we, ule si wimbo wa kufurahishia watu. Ule ni wa kubisha hodi. Unabisha, unangoja, unamuuliza we nani, unamwekea kiti chake na ubani wake, ndo unamalizia. Akishajitaja jina, ndo anakaribishwa. We umemfungulia mlango mtu usomjua, tena hukumpa pa kukaa."

Asheri aliuliza, basi akakaa wapi.

"Ushamwona akaapo. Umemjengea nyumba, ukaitia na namba. Na chakula alikikuta uani, mkeo alipokuwa akifuatisha. Kila upigapo namba hiyo, anakula."

Kisha akasimama na kuanza kutafuta viatu. Alisema waende sasa hivi. Sauti ya Semeni bado ilikuwa haijaisha, Asheri mwenyewe amesema bado ananong'ona, na yule mgeni alikuwa bado mle sandukuni. Watambishia hodi tena, watamuuliza, watamuaga, Asheri ataifuta namba, na alichokila kitarudi kwa mwenyewe. Alisema kazi yenyewe ni ya saa moja. Ila ikicheleweshwa, yule akishiba, kisanduku hakitamtosha.

Na hapa Asheri, mtu mzima mwenye mke na mtoto, alifanya jambo ambalo mpaka leo hawezi kulieleza. Alimwambia Sadalla kwamba leo haitawezekana, usiku huu bendi inapanda basi kwenda Dar es Salaam, Jumamosi wanarekodi, basi labda Jumapili. Alitoa sababu nyingi. Mwimbaji wao hana sauti, kilichobaki cha bendi ni gita, na gita bila namba ile si kitu. Wanaume wanane na familia zao wanaitegemea kanda hiyo. Zote zilikuwa za kweli. Sababu kubwa hakuisema, nayo ni kwamba alikuwa ameitafuta sauti ile maisha yake yote na alitaka ibaki mahali, hata kwenye kanda tu, kabla ya kuiua.

Sadalla alivua kiatu alichokuwa ameshavaa.

"Jumapili ntakuja," alisema. "Lakini usije ukanambia sikukwambia."

Nyumbani Semeni alimwuliza kwa midomo fundi amesemaje. Asheri alimjibu kwamba amesema Jumapili. Akamshika mikono, akamwambia Jumapili utaimba tena, na Semeni akamwamini, kwa kuwa katika miaka minane hakuwa na sababu ya kutomwamini. Akamfungia mandazi ya safari.

Studioni Dar es Salaam fundi mitambo aliitwa Innocent, kijana mtulivu aliyevaa vipokea sauti shingoni kama tai. Walirekodi nyimbo tatu, wakafika kwenye ya nne, ile yenye namba arobaini na moja. Asheri aliipiga vizuri kuliko alivyowahi kupiga chochote. Walipomaliza, Innocent alikuwa amekunja uso nyuma ya kioo. Akauliza ni nani anayeimba nyuma ya gita. Wakamwambia hakuna. Akawaita waingie, akaurudisha utepe, akapandisha sauti ya gita peke yake.

"Sikilizeni hapa, kabla ya noti," alisema. "Gita halivuti pumzi."

Wote waliisikia. Mtu alivuta pumzi, pumzi fupi ya mwimbaji anayejiandaa, na ndipo gita lilipoingia. Idarusi alicheka kidogo, akaacha. Innocent akashauri warudie, huenda ni kasoro ya waya. Wakarudia. Wakarudia tena. Mara ya tatu hapakuwa na pumzi kabisa, ilikuwa sauti safi, nzima, isiyo na doa, na Innocent akasema hiyo ndiyo. Asheri alitoka nje, akaosha uso, akarudi kuzifunga nyaya zake.

Alipofika Makorora Jumapili asubuhi, Semeni hakuwa hata na mnong'ono. Alikuwa akikohoa na kikohozi hakisikiki. Bertha alikuwa amempanda baba yake shingoni, hataki kushuka, akamweleza kwamba jana mchana mama alianguka jikoni, akaungua mkono, akapiga kelele muda mrefu sana, lakini kelele zenyewe hazikuwepo.

Sadalla alikuja saa tisa alasiri, na chaki ya kushonea ikiwa bado kwenye mfuko wa shati. Siku hiyo umeme ulikuwepo. Alikaa mbele ya kisanduku, akaweka chetezo, akatia ubani, akamwambia Semeni alale kwenye mkeka na Asheri achukue gita. Valvu zikapewa robo saa zipate moto. Asheri akabonyeza namba, akaupiga wimbo, na safari hii alipofika pale pa kunyamaza alinyamaza.

"We nani?" Sadalla aliuliza kwa sauti ya chini.

Spika ikanguruma kidogo. Halafu ikajibu, kwa sauti ya mwanamke, ya karibu, yenye adabu.

"Semeni."

Sadalla hakugeuka. Aliuliza mara ya pili, akajibiwa vile vile. Akaongeza ubani, akasoma yake kwa muda, jasho likimchuruzika mashavuni, akauliza mara ya tatu, na spika ikajibu kwa upole wa mtu anayerudia jina lake kwa kiziwi. Kwenye mkeka Semeni alikuwa amefumba macho. Sadalla akajifuta uso kwa shati.

"Malizia," alisema. "Kisha futa."

Asheri akazipiga noti tatu. Kisanduku kile hakikuwa na kitufe cha kufuta, ulitakiwa uandike kitu kingine juu ya kile cha zamani, kwa hiyo alishusha kila kitu mpaka sifuri, valvu ya kwanza, valvu ya pili, besi, kati, trebo, na kwa kila alichokishusha aliona kama anauzima moto wa mtu mwingine jikoni kwake. Akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Namba zikameta mara moja. Akagusa nyuzi, pakawa kimya. Akakigusa kisanduku, na kilikuwa cha baridi, ingawa valvu zilikuwa zinawaka.

Sadalla alifungasha vitu vyake haraka. Hakutaka chai. Mlangoni Asheri alimwuliza kama imekwisha.

"Humu sandukuni hamna mtu."

"Ameenda wapi?"

Sadalla alimgeukia. Alionekana amechoka, na kwa mara ya kwanza alionekana mpole.

"Mimi nimemuuliza jina," alisema. "Na jibu umelisikia."

Semeni alilala mpaka jua likaanza kushuka. Asheri alikaa kando yake, akamsikiliza anavyopumua, akamwomba Mungu wa baba yake na Mungu wa shangazi yake Semeni, akiapa kwamba akirudishiwa sauti ile hatalishika gita tena. Alikuwa analia na hakujali. Bertha alikuwa kwenye kona akila muwa.

Semeni akafumbua macho. Akaketi, akajinyoosha, akajifunga kanga vizuri. Akaweka mkono kooni, akameza mate, akatabasamu.

"Baba Bertha," alisema.

Ilitoka nzima, bila kukwaruza, bila kikohozi. Moyo wa Asheri uliruka kwa furaha, na ukiwa bado juu akaona Bertha ameuangusha muwa na kurudi nyuma mpaka ukutani. Ndipo na yeye akasikiliza. Sauti ya kati ilikuwa imepandishwa mpaka saba. Trebo ilikuwa imekatwa, taratibu, kama alivyoikata yeye mchana ule. Mwanzoni mwa neno palikuwa na kikohozi kidogo cha zumari, na mwishoni jina la Bertha liliendelea kulia, likitetemeka, muda mrefu baada ya midomo ya Semeni kufunga.

"Mbona mnaniangalia hivyo?" aliuliza, na kabla ya kuuliza hakuvuta pumzi.

Asheri alimshika mtoto, akamsukuma nyuma ya mgongo wake. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu azaliwe, na hata hivyo, Mungu amsamehe, alitamani aseme tena.